Ala ya Bastola na Dhamiri ya Mchukuaji

Kila chombo kikatacho au kiuacho kina vazi lake. Upanga una ala, mshale una podo, wembe una kifuko, na bastola ina ala ya ngozi au ya plastiki ifungwayo kiunoni, kwapani, mfukoni au juu ya kifundo cha mguu. Kazi ya vazi hilo ni mbili. Ya kwanza ni kukilinda chombo na vumbi, jasho na kutu. Ya pili ni kuwalinda watu na chombo chenyewe. Kazi hizi ni za kale, wala hapana mtu azitiliaye shaka. Lakini ala ya bastola ndogo imepewa kazi ya tatu, ambayo ala ya upanga haikuwa nayo: kuificha silaha kabisa, hata jirani aliyesimama bega kwa bega na mchukuaji asijue kwamba ipo. Tena imetakiwa ifanye hivyo bila ya kumchoma mchukuaji ubavuni, bila ya kumtia malengelenge, wala kumzuia kukaa, kuinama au kupanda gari. Ala njema basi huificha silaha machoni pa watu. Na ikizidi wema wake, huificha hata katika fikira za yule aliyeivaa.

Hapo ndipo lilipo swali la kufikiriwa. Je, yafaa silaha impe raha mtu aichukuaye? Uko uzito ambao fundi wa ala ana haki ya kumwondolea mteja wake. Na labda uko uzito mwingine ambao hapana fundi mwenye haki ya kuuondoa. Mpaka kati ya uzito huu na ule uko wapi?

Swali hili si la nchi za mbali tu. Katika Dar es Salaam, kutoka mitaa ya katikati ya jiji penye mabenki na maduka ya masonara, kupita Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo, fedha nyingi hutembea kwa miguu. Wafanya biashara hufika kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro kununua nguo, viatu, vyombo na vipuri, na wengi wao hulipa taslimu. Katika Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Msimbazi watu husongamana hata mkono wa mtu hupotea katika mkoba wa mwingine bila ya yeyote kuona ajabu. Jioni muuzaji wa jumla hufunga duka lake akiwa na mauzo ya kutwa, na njia ya kwenda kwake ni ndefu. Mtu wa namna hii akiomba kibali cha bastola hawezi kuambiwa kwamba hofu yake ni ndoto. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, imemwekea mlango wa kupita, na imeuwekea mlango huo bawabu: silaha haimilikiwi kwa kutaka tu, bali kwa leseni, na mwenye leseni yu chini ya macho ya polisi. Mwaka 2016 wamiliki wa silaha wa Dar es Salaam walitakiwa wazipeleke silaha zao zihakikiwe, ili ijulikane ni ipi iliyo mkononi mwa nani. Sheria basi imekwisha kusema ni nani aruhusiwe. Haikusema, wala haiwezi kusema, mtu huyo aichukue silaha yake kwa moyo gani.

Inafaa kwanza kuijua kazi ya fundi, maana si haki kuhukumu jambo lisilojulikana. Bastola ndogo ni kitu chepesi. Ile ya FN iliyobuniwa na John Browning na kutolewa mwaka 1906 ilikuwa na uzito wa gramu 350 hivi. Walther PPK ya mwaka 1931 ni karibu gramu 600. Na Ruger LCP iliyotoka mwaka 2008 haifiki gramu 300 ikiwa haina risasi. Mtu angedhani kwamba wepesi huo unamaliza taabu yote ya kuichukua. Mambo si hivyo. Mtutu wa bastola ndogo ni mfupi, na kwa hiyo sehemu iingiayo chini ya mkanda ni haba. Mpini uliojaa risasi hubaki juu ya mkanda, na uzito wa juu hushinda wa chini. Ala isiyoshika vema huinama upande wa nje, kama mtungi uliotuliwa juu ya kata ndogo kichwani, na mpini hutuna chini ya shati. Mchukuaji akikimbia, bastola hucheza, akiinama, huchungulia, akikaa, humchoma. Dawa ya mafundi ni mkanda mgumu usiokunjika, vibanio viwili vilivyoachana kidogo, na ala iliyorefushwa kupita mdomo wa mtutu, ili ncha yake iegemee mwilini na kuurudisha mpini ubavuni.

Tena iko taabu ya kitu ambacho ala hutengenezwa kwacho. Ngozi ni rafiki wa mwili, lakini hunywa jasho. Na Dar es Salaam si mji wa kukosa jasho. Joto la Januari na Februari, pamoja na unyevu wa bahari, huilainisha ngozi hata mdomo wa ala ukalegea. Mdomo uliolegea ni hatari, kwa kuwa bastola irudishwapo mahali pake, mkunjo wa ngozi waweza kuingia penye kifyatulio na kufanya kazi ya kidole. Plastiki ngumu, kama ile iitwayo Kydex iliyoanza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1960, hailegei wala hainywi jasho. Hushika umbo la bastola na kukifunika kifyatulio barabara. Lakini huikwaruza nyama ya mtu na kumwongezea joto. Mavazi nayo katika mji kama huu ni mepesi, wala hayana koti la kusitiri kosa la fundi. Kwa sababu hiyo raha na uthabiti, ambavyo mnunuzi hutaka kuvipata pamoja katika ala moja, mara nyingi havipatani: kile kiikumbatiacho bastola vizuri humbana mtu, na kile kimbembelezacho mtu huilegezea bastola.

Katika ugomvi huu wa mambo mawili, la uthabiti ni rahisi kuhukumiwa. Uthabiti wa ala si haki ya mchukuaji tu, bali ni deni lake kwa wengine. Mwezi wa Novemba 2008, mchezaji mashuhuri wa kandanda ya Kimarekani, Plaxico Burress, aliingia katika nyumba ya starehe mjini New York na bastola aliyoichomeka kiunoni bila ya ala. Ilimteleza katika suruali, naye alipoidaka ikafyatuka na kumjeruhi paja. Risasi ile ingaliweza kumpata mtu yeyote aliyekuwa karibu. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Mwezi wa Desemba 2014, katika duka moja la jimbo la Idaho, mtoto wa miaka miwili aliingiza mkono katika mkoba wa mama yake, akaikuta bastola iliyowekwa katika mfuko maalumu wa mkoba huo, na akamwua mama yake pale pale. Mama yule alikuwa na ruhusa ya kuichukua silaha yake. Katika mkasa wa kwanza ala haikuwapo; katika wa pili ilikuwapo namna ya ala, lakini haikuwa imefungamana na mwili wa mwenyewe. Yote miwili yafundisha jambo moja, kwamba ruhusa ya kuichukua silaha haina maana ila ikifuatana na uwezo wa kuitawala kila dakika.

Hoja hii ikitiwa katika Mtaa wa Kongo, huongezeka uzito mara nyingi. Pale hapana nafasi tupu ambayo risasi ingeweza kuanguka bila ya kumdhuru mtu. Mbele ya mchukuaji yupo mama mwenye mtoto mgongoni, nyuma yake yupo kijana wa mkokoteni aombaye njia, kuliani mwuza soksi, kushotoni mnunuzi asiyejua Kiswahili. Watu hawa wote hawakuulizwa kama wako radhi kusimama karibu na bastola. Kwa kuwa hawakuulizwa, wana haki angalau ya kwamba bastola hiyo isianguke, isiporwe, wala isijifyatue. Mtu anunuaye ala mbovu kwa kuwa ni rahisi amepunguza gharama yake kwa kuwatwisha wengine hatari, nao hawana habari. Tendo hilo ni la dhuluma, hata kama hapana mtu atakayeumia.

Hukumu ya raha ni ngumu zaidi. Kwanza yafaa kusikiliza utetezi wake, maana si mwepesi. Ala imuumizayo mtu humfanya aiguse kila mara, airekebishe, aivute juu, aisukume chini; na mkono uendao kiunoni mara kwa mara humtangazia mwizi kile ambacho shati linakificha. Siku ya pili mchukuaji huyo huichoka, akaiacha bastola katika droo ya duka au chini ya kiti cha gari, mahali ambapo mtoto, mfanyakazi au mwizi aweza kuikuta. Basi raha ya mwili yaonekana kuwa mlinzi wa usalama. Mtu asiyeumia hutulia, na mtu aliyetulia hafanyi haraka. Kiatu kizuri ni kile ambacho mvaaji hukisahau, na miwani mizuri ni ile ambayo mvaaji huitafuta hali iko usoni pake. Kwa nini ala ya bastola isipimwe kwa mizani hiyo hiyo?

Jibu ni kwamba kiatu na miwani vikisahauliwa havina wa kumdhuru. Mtu aliyesahau kuwa amevaa viatu hatawaua watu sokoni. Lakini bastola ni chombo ambacho usalama wake wote hukaa katika kumbukumbu ya mwenyewe. Aliyeivaa sharti akumbuke kutogombana, kutolewa, kutomruhusu mtoto kumrukia, kutomkumbatia mtu kwa upande fulani, kutopigania nafasi katika basi la mwendokasi kama wapiganavyo wengine. Hasira ambayo kwa mtu mtupu huishia katika tusi au kofi, kwake yeye yaweza kuishia katika mauti. Kwa hiyo amejitwisha wajibu wa kuwa mpole kuliko jirani zake, siyo kwa sababu ni mwema kuliko wao, bali kwa sababu hasira yake ina mkono mrefu. Mtu huyu akisahau kwamba ana silaha, mambo haya yote husahauliwa pamoja nayo. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu methali hiyo husemwa juu ya adui wa ndani ya nyumba; walakini yamfaa sana mtu aliyeficha nguoni kitu kisichomwuma tena.

Kwa sababu hii haifai kusema neno raha kana kwamba ni jambo moja. Iko raha ya ubavu, na iko raha ya dhamiri. Fundi ana haki, tena ana wajibu, kumwondolea mteja wake maumivu ya ubavu, kwa kuwa maumivu hayo hayamfundishi mtu chochote ila kuchoka. Lengelenge halikumfanya mtu yeyote kuwa mwadilifu. Lakini maumivu ya dhamiri, yaani ile hali ya mtu kujua saa zote kwamba amechukua uwezo wa kuua kati ya watu wasio na habari, hayo fundi hana ruhusa ya kuyagusa. Na mnunuzi atakaye kuondolewa maumivu hayo hahitaji ala bora, bali ahitaji kuirudisha leseni.

Sasa lafaa kutazamwa jambo la kuficha, ambalo ni roho ya ala hii. Katika pwani ya Afrika Mashariki na Oman, silaha ya muungwana ilikuwa jambo la wazi. Jambia la Oman, lililomo katika bendera ya nchi hiyo tangu mwaka 1970, huvaliwa mbele, katikati ya mkanda, na ala yake hunakshiwa kwa nyuzi za fedha. Ala ile imetengenezwa ili ionekane. Mlinzi wa Kimasai akeshaye mlangoni pa duka katika Dar es Salaam huvaa sime na kushika rungu, na kila apitaye huviona. Hata sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 mahali ambapo leo Mtaa wa Samora hukutana na Mtaa wa Azikiwe hushika bunduki yenye singe mbele ya macho ya mji mzima. Silaha ionekanayo husema. Humwambia jirani: huyu ana uwezo huu, jihadhari naye. Jirani akipenda hukaa, asipopenda huondoka. Silaha iliyofichwa haisemi, na kwa kunyamaza kwake humnyima jirani nafasi ya kuchagua.

Watunga sheria wa zamani walilihisi jambo hili. Katika Marekani, majimbo ya Kentucky na Louisiana yalipiga marufuku silaha za kufichwa mapema katika mwaka 1813, hali yaliruhusu zile za wazi. Na mwaka 1850 mahakama ya Louisiana iliitetea marufuku hiyo kwa hoja kwamba silaha ya siri huleta umwagaji wa damu na mauaji ya watu wasiotazamia. Kwa fikira zao, mtu mwaminifu hana cha kuficha. Lakini nyakati zilibadilika, na hukumu ikapinduka. Tangu Florida ilipolegeza masharti yake mwaka 1987, majimbo mengi ya nchi hiyo yamefuata njia ya kuruhusu silaha iliyofichwa. Afrika ya Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 2000, ilikwenda mbali zaidi: raia achukuaye bastola mahali pa watu wengi sharti aiweke katika ala iliyofungamana na mwili wake, au katika mkoba wa namna hiyo, tena sharti ifunikwe kabisa, naye awe na uwezo wa kuitawala. Kile kilichokuwa kosa katika Kentucky ya 1813 ni wajibu katika Johannesburg ya leo.

Watu wenye akili watawezaje kuhitilafiana hivyo? Sababu ni kwamba kuficha kuna nia mbili. Iko nia ya staha na iko nia ya hila. Mwenye staha huificha silaha ili asiwatishe watoto, asimtese mnunuzi kwa hofu, asigeuze soko kuwa kambi, wala asimvute mwizi aitamaniye bastola yenyewe kuliko fedha. Mwenye hila huificha ili apate ushindi ambao mwenzake hakujiandaa nao. Nguo ni ile ile, ala ni ile ile, na jicho la mpita njia haliwezi kuipambanua nia. Hapo ndipo wajibu unapomrudia mchukuaji mwenyewe, maana yeye peke yake ndiye ajuaye ni kwa nia gani ameishusha shati juu ya mpini. Tarehe 23 Machi 2017, katika Oysterbay, Dar es Salaam, mtu aliyevaa kiraia alichomoa bastola mbele ya waandishi wa habari na kumwelekezea Nape Nnauye, aliyekuwa ameondolewa katika uwaziri siku hiyo hiyo. Hapana risasi iliyopigwa. Lakini swali lililosikika mji mzima halikuwa la bastola ile. Lilikuwa: huyu ni nani? Mwenye sare hujibu swali hilo kabla ya kuulizwa. Mwenye silaha nguoni hulijibu akiwa amekwisha kuichomoa, na wakati huo jibu limechelewa.

Yapo matukio yatoayo ushahidi kwa upande wa pili, nayo si haki kuyanyamazia. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipoingia katika jengo la maduka la Westgate mjini Nairobi na kuua makumi ya watu, miongoni mwa waliotangulia kuingia kuwaokoa walionaswa walikuwamo raia wenye leseni, waliokuwa na bastola zao tu mbele ya bunduki za vita. Watu wengi walitoka hai kwa sababu yao. Mtu hawezi kusema kwamba bastola zile zilikuwa haramu, wala kwamba ala zilizozishika siku ile zilikuwa za kulaumiwa. Walakini Dar es Salaam nayo ina tarehe yake. Tarehe 25 Agosti 2021, karibu na ubalozi wa Ufaransa, mtu mmoja aliwashambulia askari kwa bastola, akazitwaa bunduki zao, na kabla ya yeye mwenyewe kuuawa walikuwa wamekufa askari polisi 3 na mlinzi 1 wa kampuni binafsi. Bunduki kubwa za askari zilikuwa wazi. Bastola ndogo ilikuwa ya siri. Na siri ikaushinda ukubwa. Matukio haya mawili yakiwekwa pamoja hayafutani. Yaonyesha kwamba udogo na ufiche wa silaha ni nguvu isiyo na tabia yake yenyewe, na kwamba tabia hutoka kwa mwenye kuichukua.

Kariakoo yenyewe, kwa jina lake, ni shahidi wa jambo hili, ingawa wachache katika wauzao na wanunuao pale hulikumbuka. Tarehe 28 Juni 1914, katika mji wa Sarajevo, kijana wa miaka 19 aitwaye Gavrilo Princip alisimama kando ya njia na bastola ndogo ya FN, ya aina ya 1910, aliyoificha nguoni. Alipiga risasi mbili, akamwua mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na mke wake. Vita vilivyofuata vilifika Afrika Mashariki kabla ya mwaka ule kwisha. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, waliweka kambi ya wapagazi wa jeshi lao, ile iliyoitwa Carrier Corps, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wakijenga soko. Na ulimi wa wenyeji ukaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Katika vita hivyo makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu, wakichukua mizigo ya ugomvi usiowahusu. Si kwamba bastola ile peke yake ndiyo iliyoleta vita. Kuni zilikuwa zimekwisha kupangwa, nayo ilikuwa cheche. Lakini mtu avaaye ala katika Kariakoo yafaa ajue kwamba anatembea mahali ambapo jina lake lilitokana, kwa njia ndefu, na silaha iliyotosha katika nguo za kijana. Uzito wa bastola haupimwi kwa gramu.

Yafaa tena kuuliza kama hofu iletayo bastola haina dawa nyingine. Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania, na nyingine za namna yake zikafuata. Fedha ambazo zamani zilifungwa katika kitambaa na kuchukuliwa kifuani leo hupita hewani kutoka simu hata simu. Kila shilingi isiyotembea kwa miguu ni shilingi isiyohitaji bastola. Hofu haikwisha, kwa kuwa mawakala bado hushika fedha taslimu, na wageni bado hulipa kwa noti. Lakini imepungua kwa chombo kisichomtisha mtu. Dawa ya pili ni ya kale zaidi, nayo ni jirani. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 25, waliokimbilia kifusi kwanza walikuwa wachuuzi, wapagazi na wenye maduka, nao walichimba kwa mikono. Katika saa ile hapana bastola iliyokuwa na kazi. Soko huishi kwa kuaminiana: mtu humwachia mwenziwe duka aende kuswali, humkopesha mzigo bila ya hati, humtuma mtoto wake na fedha. Silaha ya siri, hata ikiwa ya halali, huchota kidogo katika akiba hiyo, kwa kuwa humfanya mchukuaji awatazame majirani zake kama watu ambao huenda siku moja akalazimika kuwapiga. Huenda mchoto huo ukawa wa lazima. Lakini kila achotaye sharti ajue kwamba amechota.

Basi hukumu ya jambo hili yaweza kutolewa kwa kiasi. Mtu ambaye hofu yake ni ya kweli, ambaye sheria imempa ruhusa, na ambaye amekosa njia nyingine, hana lawama kwa kuichukua bastola. Mtu huyo ana wajibu wa kununua ala thabiti hata kama ni ghali, yenye kukifunika kifyatulio, isiyolegea kwa jasho wala kuinama kwa uzito wa mpini, kwa kuwa uthabiti huo ni haki ya mama mwenye mtoto mgongoni aliye mbele yake. Ana ruhusa ya kutafuta raha ya mwili katika ala hiyo, kwa kuwa mwili ulioumia huacha silaha ovyo. Ana ruhusa ya kuificha, ikiwa aificha kwa staha. Asichokuwa na ruhusa nacho ni kuizoea.

Ipo njia nyepesi ya kujipima, nayo haihitaji fundi wala askari. Usiku, akiisha kufika kwake, mchukuaji huvua mkanda, huitoa ala, hufungia bastola mahali pake na kugeuza ufunguo. Akijiona mwepesi saa hiyo, kama mtu aliyetua mzigo wa wengine salama, moyo wake ungali hai na kesho aweza kuaminiwa tena. Lakini akivua ala asione tofauti yoyote kati ya kuwa nayo na kutokuwa nayo, ni bora kesho aiache mahali pale pale, aende sokoni mikono mitupu kama wenziwe, mpaka atakapojifunza upya kilicho kizito ndani yake.